Nani Aliyemweka? Habari za Maliwali, Maakida na Majumbe

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumtia mtu katika kazi ya utawala, na kila neno lina maana yake. Kuchagua ni kazi ya watu wengi wanaolinganisha mtu na mtu, kisha wakampenda mmoja. Kuteua ni kazi ya mwenye amri: yeye humtoa mmoja katika kundi kama seremala atoavyo ubao mmoja katika rundo, wala zile mbao nyingine haziulizwi neno. Kusimika ni neno la nguzo. Nguzo haisimami hewani. Yataka shimo lichimbwe, na udongo ushindiliwe kwa mikono ya watu. Basi wazee waliposema ya kwamba mtu fulani amesimikwa, walitaka kusema ya kwamba ukoo umemkubali, wakubwa wa nchi wamemshika mkono, na hata wale wasiompenda walikuwapo wakaona.

Mkristo asomaye Matendo ya Mitume, sura ya 6, ataona kuchagua na kuweka vikifanyika pamoja. Wajane wa Wayahudi wa lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika kugawiwa chakula. Mitume hawakuteua watu wao kwa siri. Waliwaambia wanafunzi watafute watu saba, na hao walipokwisha kuchaguliwa ndipo wakawekewa mikono. Mkutano ulitoa watu, mitume wakatoa mamlaka. Katika historia ya nchi zetu za Afrika ya Mashariki mambo hayo mawili yalitengana mara nyingi, na mashaka mengi yaliyowapata babu zetu yalitoka katika pengo hilo.

Lakini kwanza tutazame kidogo sheria, maana watu wengi hudhani ya kwamba kuteuliwa ni kupewa nguvu tu. Anayeteua sharti awe amepewa na sheria uwezo wa kuteua. Kazi yenyewe sharti iwe kazi inayojulikana na sheria. Yule aliyeteuliwa hupata nguvu zilizoandikwa kwa kazi ile, wala hawezi kuzipita. Akitoa amri nje ya mipaka yake, amri ile ni neno la mtu tu, na mahakama yaweza kuitangua. Hawezi kumgawia mwingine nguvu zile kwa kupenda kwake. Tena, sheria za tafsiri za Tanzania na za Kenya zasema ya kwamba uwezo wa kuteua umebeba ndani yake uwezo wa kuondoa, isipokuwa sheria nyingine imesema vingine. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kila mtu humtazama usoni yule awezaye kumwondoa. Yethro alipomshauri Musa, katika Kutoka 18, aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, alitaja na mpaka wa kazi yao: mashauri madogo wayaamue wenyewe, yaliyo magumu yaletwe kwa Musa. Watu wengi tunakumbuka zile hesabu, na mpaka tumeusahau.

Sasa tushuke pwani. Neno liwali limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno tawala na wilaya. Zamani za Masultani wa Unguja, liwali alikuwa mtu wa Sultani katika mji wa pwani, kama Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Mombasa au Lamu. Alikuwa na barua ya bwana wake, na askari wachache. Lakini liwali hakuwa peke yake mjini. Katika miji ya Mrima walikuwapo majumbe na madiwani, watu wa koo za mji, ambao hawakuwekwa na Sultani. Hao walikuwa na haki zao katika biashara ya misafara, walikuwa na heshima zao katika sherehe, na liwali mwenye akili alijua ya kwamba bila wao barua yake haifiki hata nje ya ua wa nyumba yake. Hivyo mji ulikuwa na aliyeteuliwa na waliosimikwa, nao walishindana na kupatana kama mke na mume walio katika nyumba moja kwa muda mrefu.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia mkono katika mapatano na Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki. Kwa mapatano hayo kampuni ilipewa kutawala pwani ya Mrima, kutoza ushuru na kuweka watu wake katika kazi, lakini yote yafanywe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Msomaji aangalie maneno hayo vizuri. Sultani alitoa mkono wake, akabaki na jina. Yaliyoandikwa Unguja kwa wino, watu wa Pangani wangeyaelewaje?

Mwezi wa Agosti mwaka ule mtu wa kampuni aliyeitwa Emil von Zelewski, ambaye watu wa Pangani walimpa jina la Nyundo, alitaka bendera ya kampuni itwekwe, na liwali Abdulgawi bin Abdallah awe chini yake. Liwali akakataa. Alikuwa amewekwa na Sultani, na Sultani hakuwa amemwamuru. Mimi naona ya kuwa katika jambo hili liwali alifahamu sheria kuliko Nyundo. Mtumishi hawezi kubadili bwana kwa sababu mgeni amekuja na karatasi iliyofungwa mfukoni. Hungoja neno la aliyemweka. Nyundo hakungoja. Wanamaji wa manowari ya Kidachi wakashuka pwani, mji ukaona mtu wa Sultani akidharauliwa mbele ya watoto, na hasira ikajaa. Mwezi uliofuata watu walimzuia Nyundo na wenzake ndani ya nyumba yao, hata jemadari wa Sultani, Lloyd Mathews, akaja kuwatoa. Vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri bin Juma wa Saadani vikawaka kando ya bahari. Serikali ya Kidachi ilileta jeshi, na Abushiri akanyongwa huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, za ushuru na za biashara na za heshima. Lakini swali la nani aliyemweka nani lilikuwa mlangoni.

Wadachi walipokwisha kushinda, hawakuwa na watu wa kutosha kutawala nchi pana namna ile. Wakayachukua majina ya pwani na kuyapeleka bara: liwali, akida na jumbe. Lakini majina yale yaligeuka maana njiani. Akida, kwa asili ya Kiarabu, ni mkuu wa askari, na zamani pwani alikuwa kiongozi wa vijana na wa watu wa silaha. Sasa akawa mtu wa mshahara, amewekwa na Bwana Shauri juu ya vijiji vingi, pengine katika nchi asiyozaliwa, miongoni mwa watu ambao lugha yao hakuijua. Alisikia mashauri madogo, alikusanya kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897, na aliita watu wa kazi. Chini yake walikuwapo majumbe, na wengi wao walikuwa wazee wa koo zao kweli. Lakini jumbe naye akawa mtu wa kuondolewa kwa neno la akida.

Simsemi kila akida kuwa mbaya. Wengi walijua kusoma na kuandika, waliandika hesabu, na njia nyingine walizilinda dhidi ya wanyang'anyi. Lakini tufikiri hali ya kazi yenyewe. Kodi ikipungua, Bwana Shauri alimwuliza akida. Akida akipita kiasi, mwanakijiji amwulize nani? Kwenda bomani ni safari ya siku nyingi, na akifika huko, aweza kumkuta akida ameketi karibu na meza.

Mambo haya yalionekana wazi katika mashamba ya pamba ya kusini. Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliamuru mashamba ya pamoja ya pamba yalimwe. Watu waliitwa kwa zamu, na mapato yaligawanywa mafungu, moja la watu, moja la jumbe, na moja la chama cha serikali cha wilaya. Tazama lilivyokuwa shauri lenyewe: jumbe, ambaye zamani alikuwa mdomo wa watu wake, sasa alipata fungu lake kutoka katika jasho lao, na fungu hilo lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote mmoja aliyelima. Haikuwa lazima awe mtu mwovu. Kazi aliyopewa ilimgeuza uso. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na nyumba ya akida wa Kibata ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kushambuliwa. Kinjikitile Ngwale alinyongwa tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vimekwisha anza, vikaenea mpaka Ungoni na Mahenge. Katika vita vya Maji Maji, na zaidi katika njaa iliyofuata baada ya askari kuchoma ghala na mashamba, walikufa watu wengi mno. Wenye elimu ya historia wa siku hizi hutaja hesabu inayopita 200,000. Katika nchi zilizoasi, maakida na majumbe waliowekwa na boma waliwindwa pamoja na Wazungu.

Waingereza walipoipata nchi, wakaiita Tanganyika mwaka 1920, Gavana wa kwanza, Sir Horace Byatt, aliwaacha maakida mahali pengi, maana walijua kazi. Badiliko lilikuja na Sir Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 kutoka Nigeria. Yeye alitaka watafutwe watawala wa asili. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ikatolewa mwaka 1926, na mabwana shauri wakaanza kuketi na wazee barazani, wakiuliza habari za koo: nani alikuwa mtemi, nani mangi, nani alizikwa wapi. Ilikuwa kazi ya ajabu. Serikali iliyokuwa imezoea kuuliza hesabu za nyumba sasa iliuliza majina ya mababu, na wako watu waliokumbuka haraka mababu waliowafaa.

Tusidanganyike hapa. Wengi husema ya kwamba Cameron aliwarudisha watawala wa jadi, na ni kweli kwa sehemu. Lakini kwa sheria ile ya 1926 mtoto wa mtemi hakuwa Mamlaka ya Wenyeji kwa kuzaliwa kwake. Damu ilimleta mpaka mlangoni. Aliyefungua mlango ni Gavana. Akiisha kukubaliwa, aliweza kutoa amri juu ya pombe, silaha, ukataji wa miti, magonjwa na mengine yaliyoandikwa, na asiyetii aliadhibiwa. Alipata mshahara kutoka katika hazina ya wenyeji, na baraza lake la hukumu lilipewa sheria yake mwaka 1929. Bwana Shauri naye aliweza kutangua amri yake. Basi mtawala wa asili alikuwa amesimikwa na watu na kuteuliwa na serikali, miguu miwili katika mitumbwi miwili, na mitumbwi ilipoachana, ule wa serikali ndio uliokuwa na kasia.

Wahehe walikuwa mfano wa jambo hili. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wadachi, na kiti chake kikakaa kitupu. Katika siku za Cameron mwanawe Sapi akarudishwa kuwa mkuu wa Uhehe, na mwaka 1940 akafuata Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Nitarudi kwake.

Kwa jirani zetu wa kaskazini shauri lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu kabila nyingi za huko hazikuwa na mtawala mmoja hata kidogo. Wakikuyu waliongozwa na mabaraza ya wazee; mtu alipanda daraja kwa umri, kwa hekima na kwa kutoa mbuzi wake, si kwa barua. Serikali ya Kiingereza ilitaka mtu mmoja wa kuulizwa. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wakuu wa vijiji, na ile ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912, ziliwapa nguvu watu walioteuliwa. Mashuhuri katika hao ni Kinyanjui wa Gathirimu, ambaye hakuwa mtoto wa mtawala. Alianza kwa kusaidia kampuni ya Waingereza na misafara yake karibu na Dagoretti, akapanda mpaka akaitwa mkuu wa Wakikuyu wa upande ule. Huwezi kumtafutia kaburi la babu aliyetawala, kwa kuwa halikuwapo.

Kwa sheria hiyo mkuu aliweza kuita watu kwa kazi ya pamoja, kama barabara, mpaka siku 24 kwa mwaka bila ujira. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey akatoa waraka uliowataka maafisa na wakuu wahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Neno lilikuwa kuhimiza. Lakini mkuu ambaye cheo chake chategemea afisa, na afisa ambaye anamwuliza watu wako wangapi wamekwenda, atahimiza kwa mdomo tu? Wasichana na wanawake nao wakapelekwa mashambani, na malalamiko yakaongezeka. Harry Thuku aliyasema mambo hayo hadharani, akawasema na wakuu wenyewe. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na tarehe 16 askari wakapiga risasi umati uliokusanyika Nairobi kumtaka; serikali yenyewe ilikiri vifo vya watu zaidi ya 20. Sheria ya machifu ya Kenya iliendelea kubeba nguvu nyingi za namna hiyo muda mrefu baada ya uhuru, na mengi ya hayo hayakuondolewa mpaka mageuzi ya mwaka 1997.

Turudi Tanganyika, tupande Kilimanjaro, kwa kuwa Wachaga walijaribu kuunganisha mambo yote. Mlima ule ulikuwa na mamangi wengi, wala hakuwapo mmoja juu ya wote. Mwaka 1951 watu walipiga kura kumpata Mangi Mkuu, wakamchagua Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu. Huyu alikuwa na damu ya utawala, kura za watu na kibali cha Gavana pamoja. Nani angeweza kusema hakuwekwa? Hata hivyo mwaka 1960 Wachaga walipiga kura tena, wakaamua ya kwamba wanataka rais wa kuchaguliwa kwa muda, si Mangi Mkuu. Uzuri wa kuchaguliwa una jambo hili ndani yake, kwamba waliochagua wanabaki na mkono wao.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 Bunge likafuta sheria iliyokuwa ikiwapa machifu mamlaka ya serikali. Leo katika Tanzania Bara mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji. Mtendaji wa kijiji huajiriwa na halmashauri ya wilaya. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Watu watatu, milango mitatu; na mwanakijiji anayelalamika amjue yule aliyemleta kila mmoja, asije akapeleka shauri la mtendaji kwa watu wasioweza kumwajiri wala kumfukuza. Amjue na mpaka wake pia. Kwa mfano, sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 yampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe kwa sababu ya kulinda amani, lakini mtu huyo apelekwe mahakamani au aachiliwe kabla ya saa 48 kupita. Uwezo huu umelalamikiwa mara nyingi, kwa kuwa wako waliowekwa ndani kwa jibu kali mkutanoni au kwa kuchelewa kufika. Wanaojua uwezo wa kukamata ni wengi, lakini zile saa 48, na ile sababu ya kulinda amani, hazijulikani sana barazani.

Adam Sapi Mkwawa aliyaona yote hayo katika maisha ya mtu mmoja. Alikuwa mjukuu wa mtawala, alikubaliwa na serikali ya kigeni kuwa mkuu wa Uhehe, na mwaka 1954 Gavana Twining alimkabidhi huko Kalenga fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani kuwa ndilo la babu yake. Cheo cha machifu kilipoelekea mwisho, wabunge walimchagua awe Spika, akaikalia kazi hiyo miaka mingi, akiwaita wabunge kwa majimbo yao na kuwanyamazisha kwa kanuni iliyoandikwa. Alifariki mwaka 1999. Wahehe wakamsimika mwanawe Abdul mahali pake, ingawa sheria haikumpa mtu huyo baraza la hukumu, wala kodi, wala askari hata mmoja.